Injini Inagonga: Namna ya Kuisikiliza Kabla Hujakubali Ishushwe

Gari linalogonga likiingizwa gereji yoyote ya Mwanza, iwe Nyakato, Igoma au Kirumba, hazipiti dakika tano kabla mtu hajasema "hii imenoki". Neno hilo likishatoka, mazungumzo yanahamia kwenye bei ya injini nyingine, na mwenye gari anaanza kupiga simu kwa ndugu. Kuna siku fundi anakuwa amesema kweli. Lakini nimeona injini nyingi mno zikishushwa kwa ajili ya kitu ambacho kingekazwa kwa spana gari likiwa limesimama palepale, na jambo hilo linaniuma, kwa sababu kwa familia nyingi hela ya injini ndiyo ada ya shule ya watoto.

Mwongozo huu ni wa mwenye gari anayetaka kujua kinachosemwa juu ya gari lake, na wa fundi kijana anayetaka kusema kitu akiwa na ushahidi. Vifaa vyake ni vichache: bisibisi ndefu, kipande cha mpira wa maji, tochi, karatasi nyeupe, seti ya spana, na mtu mmoja wa kukusaidia kukanyaga mafuta. Unachotafuta muda wote ni masharti ya mlio: unaanza lini, unafuata nini, na nini kinaunyamazisha. Ukali wa mlio peke yake hauna maana kubwa. Mfuniko wa joto uliolegea kwenye manifoldi, yaani mabomba yanayopokea moshi kutoka kwenye injini, unaweza kupiga kelele kuliko beringi iliyokwisha.

Kabla ya yote, oili

Mlio ukija pamoja na taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi, toka pembeni ya barabara kwa mwendo ulionao na uzime. Usiseme utafika nyumbani maana ni hapo Buzuruga tu. Krenkishafti, au krenki, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, haikai juu ya chuma, inaelea juu ya utando mwembamba wa oili unaosukumwa na pampu. Presha ikiondoka, utando unakatika, chuma kinalala juu ya chuma, na dakika chache zinatosha kugeuza kazi ndogo kuwa injini nzima. Tafuta gari la kuvuta. Gharama yake ni ndogo kuliko chochote utakachokutana nacho ukiwasha tena.

Kama taa haijawaka, bado anza na oili. Egesha sehemu tambarare, jambo ambalo kwa mji wetu wa miamba na miinuko linahitaji kutafutwa: gari lililoelekea juu au chini litakudanganya kipimo. Zima, subiri dakika tano hadi kumi oili ishuke kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, chomoa dipistiki, ifute, irudishe hadi mwisho, ichomoe tena na usome. Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE inabeba takriban lita 3.7 ukibadilisha na filta. Ikipungua lita moja, zaidi ya robo ya oili yote imekwenda, na kwenye kona au mlima mkali pampu inaweza kuvuta hewa. Dipistiki ikitoka kavu usiwashe kwanza "tusikie". Ongeza hadi alama, ndipo uwashe, na usikilize kama mlio umebaki.

Sasa iangalie oili yenyewe. Dondosha matone kwenye karatasi nyeupe na uyapeleke juani. Rangi ya chai ya maziwa ni maji yameingia, mara nyingi kupitia hedi gasketi. Harufu kali ya petroli na wepesi wa kupindukia maana yake mafuta yanachuruzika kuingia kwenye oili, na oili nyepesi haiwezi kubeba beringi. Vichembe vinavyong'aa rangi ya fedha au shaba ni habari mbaya zaidi, na nitavirudia kwenye filta.

Taa kutowaka si hati ya usalama. Swichi yake huwasha taa pale presha inapokuwa imeanguka kabisa, kwa hiyo injini inaweza kukaa muda mrefu na presha dhaifu bila taa kusema kitu. Fundi mwenye geji ya presha ya mkono anafungua swichi ya oili, anafunga geji mahali pake, na kupima injini ikiwa moto. Kanuni ya zamani ya mafundi ni psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika. Geji hiyo ni kifaa cha bei ndogo, na inamaliza ubishi ambao ungechukua siku nzima. Fundi anayetaka kushusha injini yako bila kupima presha mwombe aipime kwanza.

Je, ni injini kweli?

Hili linarukwa na wengi. Simamisha gari, weka N au P, vuta hendibreki, mwambie msaidizi apige resi taratibu hadi 2,500 na kuachia. Mlio usiposikika kabisa hapo na ukasikika barabarani tu, tafuta kwenye miguu: stebilaiza linki na bushi zinagonga kwenye mashimo, joinati za ekseli zinagonga ukikata kona. Mauntingi ya injini (raba inayoishikilia kwenye gari) iliyopasuka inatoa pigo moja zito unapoingiza D au R, au unapoondoka kwa nguvu, kisha inanyamaza. Hayo yote hayahusu ndani ya injini.

Mlio ukipanda na kushuka pamoja na resi gari likiwa limesimama, endelea.

Hesabu kasi ya mlio

Hapa ndipo sikio linapoanza kuwa na thamani. Kamshafti, mhimili unaofungua valvu, huzunguka nusu ya kasi ya krenki. Injini ikiwa kwenye silensa, yaani inaunguruma bila kukanyagiwa mafuta, kwa mizunguko 800, kitu kinachofungamana na krenki hugonga kama mara 13 kwa sekunde, na kitu kinachofungamana na kamshafti na valvu hugonga mara 6 au 7. Huwezi kuhesabu kimoja kimoja, lakini tofauti inasikika: mlio wa juu wa valvu ni mwepesi na una nafasi kati ya pigo na pigo, kama cherehani inayoshona polepole, na ule wa chini umebanana.

Kwa hiyo mwepesi, wa juu, wa nusu kasi: tazama valvu, tapeti (vikombe vinavyosukuma valvu), uvujaji wa manifoldi. Mzito, wa chini, wa kasi kamili: tazama konirodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki), krenki, flaiwili, puli. Kumbuka pia kwamba nozeli za petroli zenyewe hutoa tik-tik kavu kila zinapofunguka, na hiyo ni sauti ya afya.

Usikilize injini ikiwa baridi kabisa, yaani imelala usiku kucha. Msaidizi awashe wewe ukiwa umesimama mbele na boneti iko wazi. Kisha iache ipate moto na usikilize tena. Andika kwenye simu: baridi ilikuwaje, moto ikawaje. Ukiweza, rekodi sauti nyakati zote mbili, maana gari lina tabia ya kunyamaza likifika mbele ya fundi.

Ondoa vinavyoning'inia nje

Alteneta, wota pampu, kompresa ya AC, tenshena (kikaza belti) na puli zake vyote huzungushwa na fenibelti, na kila kimoja kinaweza kugonga kama injini. Injini ikiwa baridi, toa fenibelti, washa na usikilize. Mlio ukipotea, umeshinda: zungusha kila puli kwa mkono na utaisikia ile yenye mkwaruzo au inayocheza. Taa ya betri itawaka, usiogope. Usizidishe dakika moja, kwa sababu kwenye injini nyingi za Toyota ndogo wota pampu nayo iko kwenye belti hiyohiyo, na bila belti maji hayazunguki. Kama gari lako wota pampu inaendeshwa na mkanda wa taimingi, mkanda huo usiuguse kwa jaribio hili.

Ukiwa hapo shika puli ya krenki. Nyingi zina tabaka la raba kati ya kitovu na mdomo wa nje. Raba ikiachia, puli inayumba na kugonga kwa kasi ya krenki, mlio mzito unaofanana kabisa na konirodi.

Kwa kutafuta mahali pa mlio, gusa kichwa cha bisibisi ndefu kwenye chuma cha injini na uweke mpini kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Anza juu kwenye kava la valvu, shuka kwenye bloku, kisha sampu, kisha upande wa giaboksi. Unatafuta mahali sauti inapokuwa kavu na ya karibu. Kwa uvujaji wa hewa ya moshi tumia mpira wa maji: upande mmoja sikioni, mwingine upitishe kando ya manifoldi bila kuugusa, na tundu lenye uvujaji litakupulizia masikioni.

Tahadhari zake si mapambo. Feni ya rejeta inaweza kuwaka yenyewe. Vua lanyadi, mtandio, tai, pete na saa, funga nywele, kunja mikono ya shati. Usifanye haya ndani ya chumba kilichofungwa, ndani ya moshi wa injini mna gesi inayoua bila harufu ya kukuonya.

Jaribio la kukata silinda

Kama ungeniambia nichague jaribio moja tu kwa injini ya petroli, ningechukua hili. Unazima nguvu ya silinda moja kwa muda na kusikiliza mlio unafanya nini.

Injini ikiwa kwenye silensa, chomoa soketi ya nozeli ya silinda ya kwanza. Injini itamisi na kutikisika, hivyo ndivyo inavyotakiwa. Piga resi kidogo, sikiliza, rudisha soketi, nenda ya pili. Chomoa soketi ya nozeli badala ya koili pale unapoweza kuifikia, kwa sababu ukikata cheche tu petroli mbichi inaendelea kumwagwa na kwenda kuunguza masega ya kusafisha moshi yaliyo kwenye bomba la moshi. Magari ya zamani yenye waya za plagi na distribyuta usizishike kwa mkono, umeme wake unazidi volti 20,000. Taa ya injini itawaka na kuacha kodi, yaani namba za hitilafu kwenye kompyuta ya gari, za kumisi kama P0301 hadi P0304. Zitafutwa baadaye kwa mashine.

Mlio ukipungua sana au kupotea ulipokata silinda ya tatu, chanzo kiko kwenye silinda hiyo: ama beringi ya konirodi, ama pistoni inayopiga ukuta. Zinatofautishwa na joto. Pistoni iliyolegea hugonga baridi na kutulia injini ikipata moto, kwa sababu pistoni inatanuka na kujaza nafasi. Beringi ya konirodi hufanya kinyume: moto ukizidi, oili inakuwa nyepesi na mlio unakua.

Mlio ukiongezeka au kuwa wa mapigo mawili ulipokata, mshukiwa ni pini ya pistoni. Usipobadilika hata kidogo kwa silinda yoyote, ondoa mawazo kwenye konirodi na uangalie tapeti, cheni, meni beringi, flaiwili au vitu vya nje.

Beringi ya konirodi, yenyewe hasa

Hii ndiyo noki ambayo watu wanaiogopa, kwa hiyo nikae nayo kidogo. Pale konirodi inaposhika krenki pana beringi mbili za nusu duara, na nafasi kati yake na krenki ni sehemu chache za mia za milimita. Nafasi hiyo ikizidi, kila pistoni inaposukumwa chini konirodi inapiga krenki.

Mtihani wake wa kawaida: injini ikiwa moto, panda taratibu hadi 2,000 au 2,500 na ushikilie hapo, kisha achia mafuta kidogo tu. Beringi ya konirodi husikika zaidi kwenye ule wakati wa kuachia, ko-ko-ko ya haraka, mzigo unapogeuka upande. Meni beringi, zile zinazobeba krenki kwenye bloku, hutoa mlio mzito zaidi wa ndani unaotoka injini ikibebeshwa mzigo, yaani gari linapanda mlima au linaondoka, na kukata silinda moja hakuubadilishi sana.

Ushahidi wa mwisho kabla ya kufungua sampu ni filta ya oili. Itoe, imwage oili, ipasue kwa kikata makopo. Ukitumia msumeno wa chuma utaijaza vumbi la chuma la msumeno wenyewe na kujidanganya. Kata karatasi yake ya ndani, ikamue, itandaze juani na upitishe sumaku. Vinavyokamatwa ni chuma: cheni, kamshafti, ringi. Visivyokamatwa, vya rangi ya fedha laini, ni uso wa beringi au pistoni. Ukiona rangi ya shaba, kwa beringi nyingi maana yake uso umekwisha na sasa tabaka la chini ndilo linaloliwa. Gari hilo lisiwashwe tena.

Oili uliyomwaga weka kwenye dumu lenye kifuniko. Mifereji yetu inaingia Mto Mirongo na Mirongo unaingia ziwani, tunakovua na kuchota maji ya kunywa.

Kilichofanana nayo hadi kikadanganya gereji tatu

Noah ya otomatiki ililetwa na dereva wake akiwa tayari ameambiwa na gereji tatu kwamba konirodi imekwenda. Mlio ulikuwa mzito, wa kasi kamili, unatoka chini. Lakini oili ilikuwa safi, presha ya geji ilikuwa nzuri, na kukata silinda hakukubadilisha chochote. Tulipoingiza D huku breki imekanyagwa, mlio ukabadilika sura. Bisibisi ikasema uko nyuma, upande wa giaboksi.

Kati ya krenki na giaboksi ya otomatiki kuna sahani nyembamba ya chuma, wengi wanaiita flaiwili tu, iliyofungwa kwa bolti kwenye toki konveta, kile chombo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi. Tulichomoa waya hasi wa betri, tukafungua kifuniko kidogo cha chini, tukazungusha krenki kwa spana kwenye bolti ya puli, bolti moja moja zikipita dirishani. Mbili zilikuwa zinacheza kwa vidole, na tundu la mojawapo limeshakuwa yai. Wakati mwingine ni ufa unaozunguka katikati ya sahani hiyo, nao unagonga vilevile. Sahani ilibadilishwa, bolti zikafungwa kwa toki renchi. Krenki haikuguswa.

Ukiwa unajaribu gari kwenye D, hakikisha hendibreki inashika, weka kigingi kwenye tairi, asisimame mtu mbele, na usishikilie mafuta zaidi ya sekunde chache.

Mlio wa mlimani

Kuna mlio unaosikika tu ukipanda, kwa mfano kilima cha kwenda Bugando ukiwa na abiria: mkavu, wa juu, kama kokoto zikitikiswa kwenye kopo, na ukiachia mafuta unakatika mara moja. Huo hautoki kwenye chuma kilicholegea. Ni mchanganyiko wa petroli na hewa unaolipuka kabla au nje ya mpango wa plagi, na ukiachwa unatoboa pistoni.

Watu wanayalaumu mafuta, na mafuta machafu yaliyochanganywa na mafuta ya taa kweli yanaweza kuuleta. Ndiyo sababu mafuta huwekwa vinasaba, yaani kemikali za kuyatambulisha, ili uchakachuaji ukamatwe. Ila fikiria hivi. Magari yetu mengi madogo yaliundwa kutumia petroli ya kawaida ya Japani, ambayo kiwango chake ni okteni 89 tu (okteni ni kipimo cha petroli kustahimili kulipuka kabla ya wakati), yaani hayadai petroli ya hali ya juu. Tena sisi tuko juu: uso wa ziwa ni kama mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na hewa nyepesi hupunguza tabia hii. Gari linalogonga hivyo kwenye miinuko ya Mwanza lingegonga vibaya zaidi Dar es Salaam. Kwa hiyo baada ya kujaza kituo kingine na kuona hakuna nafuu, tafuta ndani: injini inayochemka, plagi zisizo za aina yake, masizi yaliyojaa juu ya pistoni, hewa inayoingia baada ya throto, nozeli zilizoziba nusu, taimingi iliyotangulia kwa gari la distribyuta. Pima kodi. P0325 ni sensa ya noki, ile inayosikiliza mlipuko huu na kuiambia kompyuta irudishe cheche nyuma. Ikifa, injini inapoteza mlinzi wake.

Vyepesi, kwa haraka

Tik-tik ya juu injini ikiwa baridi, inayopungua ikipata moto: mara nyingi gasketi ya manifoldi au ufa, chuma kinatanuka na kuziba. Tafuta alama nyeusi ya masizi. Tik-tik isiyobadilika na joto, ya nusu kasi: nafasi ya valvu. Kwenye 1NZ-FE hakuna tapeti za oili, nafasi yake ikiwa baridi ni milimita 0.15 hadi 0.25 kwa valvu za kuingiza na 0.25 hadi 0.35 kwa za kutoa, na hurekebishwa kwa kubadilisha vikombe vya tapeti. Dawa ya kumwaga kwenye oili haitaigusa. Mkwaruzo wa sekunde moja au mbili unapowasha asubuhi, upande wa cheni: tenshena au cheni ya taimingi iliyorefuka, hasa ikija na kodi P0016. Chaka-chaka chini ya gari: piga bomba la moshi kwa nyundo ya raba, utasikia masega yaliyovunjika au mfuniko wa joto uliolegea. Plagi iliyolegea nayo hutoa tik pamoja na pumzi. Ikaze kabla hujalaumu kingine.

Gari lililopita kwenye maji

Mvua kubwa zikinyesha na Mirongo ukafurika maeneo ya Mabatini, kuna magari yanazimika katikati ya maji. Maji hayashindiliki. Yakivutwa kwenye silinda, pistoni inayopanda inakutana na ukuta, na konirodi inapinda. Gari likizimika majini usipige stata hata mara moja. Livute, fungua boksi la filta ya hewa: likiwa limelowa ndani, toa plagi zote, zima mafuta, kisha zungusha ili maji yatoke. Ikiwa tayari linagonga baada ya mafuriko, pima kompresheni. Silinda iliyo chini ya wenzake na inayogonga tangu siku ile ina konirodi iliyopinda, nayo inapaswa kutolewa kabla haijakatika na kutoboa bloku.

Hiace, Canter na Land Cruiser za dizeli

Dizeli hugonga kwa asili yake, kwa hiyo unalinganisha na jana yake. Nozeli mbovu inayodondosha hutoa kishindo kinachofanana na konirodi, pamoja na moshi mweusi au mweupe. Kwa pampu za zamani kama kwenye 3L, 5L au 1HZ, legeza kidogo nati ya bomba la nozeli moja ukiwa umevaa miwani na kufunika kwa kitambaa. Mlio ukikatika, toa nozeli hiyo ukaipime kabla hujafikiria krenki. Jaribio hili ni marufuku kwenye komoni reli, yaani dizeli za kisasa ambazo nozeli zake zinaendeshwa na kompyuta, mfano Hiace ya 1KD. Presha yake inazidi baa 1,000, na mchirizi wake unapenya ngozi na kuingia mwilini. Mtu aliyepatwa na hilo anakimbizwa hospitali hata kama kidonda ni tundu la sindano. Huko tumia mashine kukata silinda.

Ukishathibitisha kuwa ni beringi

Bado injini haijafa. Kwenye magari mengi sampu inatoka injini ikiwa mahali pake. Fungua kifuniko cha konirodi ile uliyoigundua, weka alama kabla ya kukitoa kwa sababu vifuniko havibadilishani, na utazame beringi. Ikiwa imechakaa lakini krenki inang'aa na ukucha haukwami popote, pima krenki kwa maikromita, weka beringi mpya za saizi ileile, na uhakiki nafasi kwa uzi wa plastiki wa kupimia unaobanwa kati ya beringi na krenki. Ikiwa krenki ina mifereji au imebadilika rangi kuwa bluu, inashushwa na kuchongwa, na beringi zinakuwa za 0.25 au 0.50, yaani za krenki iliyopunguzwa milimita hizo. Kuweka beringi mpya juu ya krenki iliyochanika ni kununua wiki mbili. Na pampu ya oili, chujio la sampu na njia za oili zisipokaguliwa, kilichoua beringi ya kwanza bado kipo.

Mwambie fundi akukabidhi beringi za zamani mkononi. Na ukienda kununua gari, ukikuta oili nzito kama asali, omba kulisikiliza asubuhi likiwa baridi na tena likiwa moto kabisa, maana oili nzito ndiyo inayotumika kuficha mlio kwa siku mbili tatu za mauzo.

Injini ikishafungwa, chomoa soketi za nozeli na uzungushe kwa stata kwa vipindi vifupi hadi taa ya oili izimike, ndipo uirudishie mafuta na kuwasha. Usiibebeshe mzigo wa safari ya Musoma au Sengerema wiki ya kwanza. Badilisha oili na filta ukifika kilomita 500, ipasue filta hiyo na kuitandaza kama ile ya kwanza. Ikiwa safi, rudi kwenye ratiba yako ya kawaida ya oili.